Hukumu ya Nguzo za Isanja

Mizani ilitoa majibu saa nne asubuhi. Dokta Anyesi Ntandu aliyasoma akiwa amepiga magoti kando ya nguzo ya kumi na tisa, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akayasoma tena. Hayakubadilika.

Makaburi: asilimia thelathini na sita. Mahali pa kuombea mvua: thelathini na nne. Kalenda ya kupandia: kumi na saba. Mipaka ya malisho: kumi na tatu.

Alikaa chini kabisa, mgongo ameuegemeza kwenye jiwe. Mashine ilikuwa imelala mbele yake, nyeusi, haizidi ukubwa wa ndoo, bado ina joto la kazi.

Wiki sita zilikuwa zimepita tangu afike kwenye uwanda wa Isanja, kusini mwa Singida, pale ardhi inapoanza kuteremka kuelekea mbuga ya Wembere. Nguzo zilikuwa thelathini na saba, za mawe meusi, nyingi zikipita kimo cha mtu, nyingine zimeinama kama zilizochoka kusubiri. Chini ya kila moja alikuwa ametoboa tundu jembamba na kutoa udongo ndani ya bomba lisilopitisha jua. Chembe ya mchanga ikishafunikwa gizani huanza kujiwekea mwanga, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, kama mtungi unaojazwa na matone. Mizani huipiga mionzi, chembe inautema mwanga wake wote kwa mara moja, na mashine inahesabu ni lini jua liliiona mara ya mwisho, yaani ni lini jiwe lilisimamishwa juu yake. Baada ya hapo Mizani huchukua majivu, mafuta ya wanyama yaliyoganda, chavua ya mimea iliyokufa zamani, mwelekeo wa jua, na mwisho kabisa maneno ya watu wanaoishi karibu. Vyote hivyo hupimwa pamoja, na kila tafsiri hupewa sehemu yake.

Anyesi alijua namna inavyopima kwa sababu aliibuni yeye. Alikuwa na miaka thelathini wakati huo, amechoka kuwasikiliza maprofesa wakirushiana maneno kila mmoja na jiwe lake kifuani. Alitaka chombo ambacho kingemlazimisha kila mtu aweke ushahidi mezani, kisha kiiache shaka ionekane, kwa tarakimu, bila aibu. Miaka ishirini baadaye wanasheria walikuwa wamekichukua chombo hicho wakakitungia Sheria ya Tafsiri. Mnara wa kale ukitaka kulindwa, sharti uwe na maana moja iliyovuka asilimia sitini. Usipovuka, unaandikwa kwamba hauna maana iliyothibitika, na ardhi yake inarudi serikalini ipangiwe kazi nyingine.

Kazi ya uwanda wa Isanja ilikuwa imeshapangwa. Vioo vya umeme wa jua, hekta elfu tisa.

Alimpigia simu Mkurugenzi wa Baraza la Tafsiri, Bwana Lyatuu, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wake.

"Thelathini na sita?" Lyatuu aliuliza, kana kwamba mtandao ulikuwa umekula tarakimu.

"Na thelathini na nne. Zote mbili zimesimama imara, Lyatuu. Kuna majivu ya mifupa, lakini moto uliiunguza mno, siwezi kusema ni ya mtu au ya ng'ombe. Kuna chavua ya uwele na vyungu vilivyotobolewa makusudi. Nguzo nyingine zina miaka mia tisa, nyingine mia nne. Huenda walioanza si waliomalizia. Huenda maana ilibadilika katikati."

"Mwalimu, fomu haina nafasi ya 'huenda'."

"Fomu iliandikwa na watu."

"Na mimi nimeajiriwa kuijaza. Una siku kumi. Vioo vimeshashushwa Itigi."

"Nikiandika kwamba hatujui?"

Lyatuu alipojibu, sauti yake haikuwa ya ukali, na hilo ndilo lililomuuma Anyesi. "Ukiandika hatujui, Mwalimu, utakuwa umeandika kwamba hakuna kitu."

*

Koo mbili zilikuwa na nguzo zile, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka ugomvi juu yake.

Watu wa Gidobat walikuwa wafugaji. Walikuja wakati wa kiangazi na maziwa na pombe ya asali, wakamimina kidogo kwenye shina la kila jiwe, wakawataja wazee wao waliolala chini. Watu wa Mughwai walikuwa wakulima wa bondeni. Walikuja kiangazi kikiisha, kabla ya jembe la kwanza, na uwele uliosagwa na mbuzi mweusi, wakaimba mpaka wakatoka jasho, wakarudi nyumbani kungoja mawingu. Waliokuja mwanzo waliwaachia wa pili kuni. Waliokuja nyuma walifagia.

Siku ya kwanza kabisa Anyesi alikuwa amemuuliza Zaituni Mughwai, mwenye kuiongoza ibada ya mvua, kama hakereki kusikia wenziwe wakipaita mahali pake makaburi. Zaituni alicheka hadi akashika kiuno.

"Wao wanasema chini kuna babu zao. Mimi nasema chini kuna njia ya maji. Sasa babu zao wakinyeshewa, wana hasara gani?"

Anyesi aliandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kusikia elimu yake ikisemwa kwa ufupi namna ile.

Sasa aliketi hemani akaiuliza Mizani swali ambalo alikuwa ameapa kutoiuliza kamwe: ni ushahidi gani ukiondolewa utafanya tafsiri moja ivuke sitini?

Mashine haikukawia. Ushahidi wa Mzee Gidobat, mkuu wa ukoo wa wafugaji, ukiondolewa, mvua ingefika hamsini na tano tu, kwa sababu majivu ya mifupa yangebaki palepale. Lakini tafsiri ya mvua ilikuwa imening'inia kwenye uzi mmoja, nao ni maneno ya Zaituni Mughwai. Zaituni akikana kwa kiapo, mvua ingeshuka hadi tisa, na makaburi yangepanda hadi sitini na tatu.

Kulikuwa na njia mbili tu, basi. Aseme kweli, na nguzo zing'olewe kwa winchi. Au amwombe mwanamke mmoja aseme uongo, na nguzo zisimame.

Alilitazama jambo lile siku tatu. Siku ya nne aliteremka bondeni.

*

Zaituni alikuwa fundi wa pampu za maji, fundi pekee kwa vijiji saba. Anyesi alimkuta amekaa kwenye saruji ya kisima, miguu ameitanua, pampu imefunguliwa mbele yake vipande vipande juu ya gunia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Nishikie hii spana. Usiiachie, inauma."

Anyesi aliishika. Alieleza yote, hakuficha tarakimu hata moja. Zaituni alisikiliza akiendelea kusafisha washa, zile pete za mpira za kuzuia maji, moja baada ya nyingine. Maelezo yalipokwisha, alikuwa na washa moja mkononi na hakuiweka chini.

"Yaani nisimame mbele ya watu," alisema, "niseme sijui habari ya mvua."

"Mbele ya kinasa sauti cha Baraza. Mara moja tu."

"Niseme mama yangu alikuwa anapanda kule kufanya nini? Matembezi?"

"Utasema hukumbuki."

"Nakumbuka." Zaituni alimtazama. Macho yake yalikuwa makavu, na meusi kama yale mawe. "Nilikuwa na miaka sita. Alinibeba mgongoni kwa sababu nyasi zilikuwa zinanichoma. Nakumbuka hata kanga aliyovaa. Wewe unaniambia nisikumbuke."

"Dada, mawe yakiondoka hakutakuwa na pa kwenda. Si wewe, si wao. Yakibaki kwa jina la makaburi, utapanda kama kawaida. Mzee Gidobat ameniahidi. Karatasi itasema moja, maisha yataendelea kuwa mawili."

"Karatasi." Zaituni alilitamka neno hilo kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Na wewe mwenyewe, Dokta, wewe uliyeleta hiyo ndoo yako, unaamini ni makaburi?"

"Naamini hatuwezi kujua. Naamini mnaweza wote kuwa mnasema kweli."

"Halafu unataka mmoja aseme uongo."

Spana ilikuwa imeanza kumchoma Anyesi kiganja kwa jua, lakini hakuthubutu kuibadilisha mkono.

Zaituni alianza kuiunga tena pampu. Alifunga nati ya mwisho, akasimama, akakamata mpini na kupampu mara nne, tano, mpaka maji yakatoka na mchanga, kisha safi.

"Nitasema," alisema. "Lakini nataka Gidobat aniambie mwenyewe, kwa mdomo wake, nikiwa namwona."

*

Mzee Gidobat alimwambia. Alipanda uwandani na fimbo yake, mtu mrefu aliyeanza kupindika kwa juu, na binti yake Udahenda, mwanasheria aliyetoka Manyara kwa ajili ya kikao cha Baraza, akamshika kiwiko. Aliuweka mkono wake juu ya nguzo ya kumi na tisa.

"Zaituni, baba yako alinipa mbegu mwaka wa njaa. Mimi nikiwa hai, na watu wangu wakiwa hai, njia hii haifungwi. Nimesema hapa, mbele ya walio chini."

"Andikeni basi," alisema Zaituni.

Walimtazama Anyesi.

"Haiwezi kuandikwa," Anyesi alisema. "Ikiandikwa kwamba watu wa mvua wana haki ya kupita, Mizani itayasoma hayo kuwa ushahidi wa mvua. Tutarudi thelathini na nne. Mimi nitakuwa shahidi. Nimesikia."

Zaituni alimtazama, akamtazama mzee, akaitikia kwa kichwa. Keshoye, saa tatu asubuhi, mbele ya kinasa sauti na afisa wa Baraza aliyekuwa akipiga miayo, aliapa kwamba yeye wala ukoo wake hawakuwahi kuwa na ibada yoyote katika nguzo za Isanja. Alisema kwa sauti ya wazi, bila kukwama. Afisa alimuuliza kama ana la kuongeza.

"Sina. Yamekwisha yote," alisema.

Watu wa bondeni waliokuwa wamekuja kusikiliza waliinama, na wengine wakaondoka kabla ya kikao kufungwa. Mama mmoja mtu mzima, shangazi yake Zaituni, alitema mate chini alipopita karibu naye. Hakuna aliyekuwa amemwambia sababu. Asingeweza kuambiwa.

Mchana huo Mizani ilionyesha sitini na tatu. Anyesi alitia sahihi. Vioo vilipakiwa tena kwenye malori vikapelekwa kwingine, na uwanda ukasimikwa kibao cha bati: NGUZO ZA ISANJA. MAKABURI YA KALE. ENEO LILILOLINDWA KISHERIA.

*

Miaka miwili mambo yalikwenda kama walivyopatana. Watu wa Gidobat walikuja kiangazi. Zaituni alipanda kabla ya mvua, safari hii na watu wachache, maana shangazi yake na wengi wengine hawakutaka tena kuongozwa na mtu aliyeikana mvua hadharani.

Mwaka wa tatu Mzee Gidobat alifariki. Mwaka wa nne Anyesi, aliyekuwa Dodoma akisimika Mizani mpya, alipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa Zaituni. Haukuwa na salamu.

"Njoo uone ushahidi wako."

Alipofika Isanja alikuta uzio. Nyaya sita, nguzo za chuma, geti lenye kufuli la alama ya kidole. Udahenda alikuwa ndani, amevaa buti na kofia pana, akikagua nyufa za jiwe moja lililoinama. Alikuwa ndiye mwenyekiti wa mfuko wa kuutunza uwanda. Alimfungulia Anyesi, akamwamkia kwa heshima zote, akamletea kiti.

"Baba yako aliahidi," Anyesi alisema kabla hajakaa.

"Aliahidi. Nilikuwepo, nilimshika mkono. Sikatai, Dokta."

"Kwa nini basi?"

Udahenda alitoa karatasi kwenye mkoba. Hakuhitaji kuisoma. "Kifungu cha thelathini na moja. Eneo lililolindwa likitumiwa kwa shughuli iliyo kinyume na hukumu yake, hukumu inatenguka. Mwaka jana droni ya Baraza ilipita siku ile Bi Zaituni yuko hapa na mbuzi wake. Nilipata barua. Nikaandika kwamba ni wapita njia waliopotea. Mwaka huu wakimwona tena sina cha kuandika. Hukumu ikitenguka, vioo vinarudi. Nikimfungulia geti kwa sababu ya neno la baba, naizika kazi ya baba. Sasa niambie wewe mwenyewe uliyeitia sahihi, nifanye nini?"

Anyesi alitafuta hasira ndani yake, apate pa kuitupia. Alimtazama yule binti, mikono yake iliyojaa vumbi la mawe, na akaona kwamba hakuwa amekosea hata kwa neno moja.

"Unaamini ni makaburi?" aliuliza.

Udahenda alishangaa. "Mizani imesema."

"Ilisema kwa sababu tuliiambia iseme. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo siku Bi Zaituni alipokana, Dokta. Nilijua anakana kwa ajili yetu. Lakini nimesoma ripoti zote zilizofuata. Nimesoma za Igwamadete, za Mgori, za kule Kisasida. Kote nguzo ni kama hizi, na kote Mizani inasema makaburi. Nami najiuliza siku hizi: huenda Bi Zaituni alisema kweli na yeye mwenyewe hajui."

Geti lilipofungwa nyuma yake, Anyesi aliona kwa mbali, nje ya nyaya, mahali nyasi zilipokuwa zimekanyagwa. Mtu alikuwa amesimama pale kwa muda mrefu, kisha akarudi alikotoka.

*

Alikwenda Baraza bila miadi. Lyatuu alimpokea mlangoni mwenyewe.

"Nataka kuifuta hukumu ya Isanja," Anyesi alisema. "Shahidi alikana kwa kuombwa nami. Nitaandika hayo na kutia sahihi. Nitaacha kazi ikibidi. Niliwapa tarakimu ya uongo."

Lyatuu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alimgeuzia kioo cha Mizani Kuu, ile iliyokusanya ripoti zote za nchi, na mbele ya macho yake akaingiza kila kitu upya. Akaufuta ukanaji wa Zaituni. Akaurudisha ushahidi wake wa mwanzo, neno kwa neno, mama na mgongo na nyasi. Akaongeza na ungamo la Anyesi.

Mashine ilifanya kazi dakika nzima. Makaburi: asilimia tisini na moja. Mvua: nne.

"Haiwezekani," Anyesi alisema.

"Igwamadete ilihukumiwa kwa kufananishwa na Isanja," Lyatuu alisema. "Mgori kwa kufananishwa na Igwamadete. Sasa kuna maeneo mia mbili na kumi na manne ya nguzo, na yote ni makaburi. Isanja imekaa katikati yake. Mizani inajifunza kwa hukumu zilizopita, Mwalimu. Wewe ndiye uliyetufundisha hivyo darasani."

"Lakini zote zimesimama juu ya ile moja! Ile moja ilikuwa uongo!"

"Una hakika kwamba ilikuwa uongo?"

Lyatuu alisubiri, na kusubiri kwake hakukuwa mtego; alitaka kwa dhati kujua.

"Sina hakika," Anyesi alisema mwisho. "Sijawahi kuwa na hakika. Ndicho ninachowaambia. Hakuna mwenye hakika."

"Mizani ina hakika kwa tisini na moja." Alikizima kioo taratibu. "Vile vyungu vilivyotobolewa, unavikumbuka? Mwanzoni ulivisoma kuwa vya mvua, kuonyesha maji yanavyodondoka. Sasa mashine inavisoma kuwa vyombo vilivyouawa ili viende na maiti. Na inapendeza, eti? Kila kitu kimekaa mahali pake. Shahidi mmoja mzee, na wewe mmoja mwenye majuto, hamwezi kuzishinda hukumu mia mbili. Nenda kapumzike. Mwezi ujao tunataka kukipa chuo kipya cha Tafsiri jina lako."

*

Mvua za mwaka huo zilichelewa. Anyesi alifika bondeni siku ya jua kali la mchana, akamkuta Zaituni kwenye kisima kilekile, pampu imefunguliwa tena mbele yake. Alikuwa amepungua. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote kwa mbele.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Hakumpa spana.

Anyesi alimweleza habari za Baraza. Alieleza taratibu, tarakimu kwa tarakimu, kama alivyofanya siku ile nyingine. Zaituni alikuwa akikwangua kutu kwenye fimbo ya pampu kwa kipande cha msumeno.

"Wakwe zangu wanasoma hizo ripoti," alisema hatimaye. "Mke wa mwanangu mkubwa amenisomea. Anasoma vizuri. Ameniambia, mama, usijisumbue kupanda, kule ni kwa wafu wa watu. Nilitaka kumfundisha nyimbo. Akaniambia atajifunza, asinivunje moyo. Hajaja."

"Dada—"

"Ngoja. Nataka kukuuliza kitu, na unijibu kama mtu aliyesoma, si kama mtu mwenye huruma." Aliuweka msumeno chini. "Nimekaa nikafikiri. Nilikuwa na miaka sita. Mtoto wa miaka sita anajua nini? Mama aliimba, mvua ikanyesha. Mvua ingenyesha hata asingeimba. Labda mama yangu alikuwa anawafagilia watu makaburi yao bila kujua. Labda na bibi yangu. Labda nilipoapa mbele ya kile kinasa sauti, nikidhani naukana ukweli, ndiyo siku pekee niliyosema kweli maishani mwangu. Ile mashine imesema. Binti wa Gidobat anasema. Mkwe wangu anasema. Wewe unasemaje? Ni yetu, au si yetu?"

Anyesi alimtazama. Neno moja lilikuwa kwenye ulimi wake, jepesi, tamu, na lingemfuta yule mwanamke machozi ambayo hakuwa ameyatoa. Ni yenu. Angeweza kulisema. Alishawahi kusema uongo mmoja kwa ajili ya mawe yale. Wa pili ungemgharimu nini? Lakini alizikumbuka zile chembe za mchanga, majivu yaliyoungua kupita kiasi, nguzo za miaka mia tisa na nguzo za mia nne, na watu wasiojulikana waliozisimamisha wakiwa na jambo moyoni ambalo hawakumwachia mtu. Kitu pekee alichokuwa nacho kilichobaki bila doa kilikuwa huko kutojua.

"Sijui," alisema.

Zaituni alitikisa kichwa polepole, mara mbili, kama fundi aliyeusikia mlio wa mashine akajua kilichovunjika ndani.

"Hujui."

"Sijui, dada. Hakuna anayejua."

"Basi," alisema Zaituni, akiinama kuichukua fimbo yake ya pampu, "ungewaambia hivyo siku ile."

"Wangeyang'oa mawe."

"Wangeyang'oa. Ningekaa nikayalilia. Na wenzangu wa juu wangeyalilia pamoja nami, na shangazi yangu asingekufa bila kunisemesha." Alianza tena kukwangua kutu. "Sogea, unanizibia mwanga."

Anyesi alisogea.